Punje Moja na Poromoko Kubwa

Ni desturi ya akili ya binadamu kulinganisha tukio na sababu yake kwa ukubwa. Mlio mdogo hudhaniwa kuwa umetoka kwenye kitu kidogo, na msiba mkubwa hutafutiwa chanzo kikubwa. Katika mambo mengi ya kila siku desturi hiyo haina madhara, kwa kuwa jiwe zito likitupwa majini hurusha maji mengi na kokoto hurusha machache. Lakini yapo mambo mengine, ya maumbile na ya uchumi pia, ambayo hayafuati mwendo huo. Tetemeko la ardhi lisilohisiwa na mtu yeyote na tetemeko linaloangusha mji huanza kwa namna moja: sehemu ndogo ya mwamba huteleza chini ya ardhi. Tofauti haimo katika mwanzo, bali katika umbali ambao mtelezo huo unaendelea kabla ya kusimama.

Makala haya yanaeleza fikra mbili zinazosaidia kuelewa mambo ya namna hiyo. Ya kwanza ni kanuni ya kipeo, ambayo huonyesha uhusiano kati ya ukubwa wa matukio na wingi wake. Ya pili ni hali ya ukingoni inayojipanga yenyewe, ambayo hujaribu kueleza kwa nini kanuni hiyo hutokea. Hisabati inayohitajika haizidi logi zinazofundishwa katika shule za sekondari.

Vitu vyenye kimo cha kawaida na vitu visivyo nacho

Mwalimu akipima urefu wa wanafunzi 40 wa darasa moja, ataona kwamba wengi wamekaribiana na wastani. Wachache ni warefu sana na wachache ni wafupi sana, lakini hakuna mwanafunzi aliye mrefu mara kumi kuliko mwenzake. Mtu mrefu kuliko wote waliopata kupimwa kwa uhakika, Robert Wadlow wa Marekani, alikuwa na sentimeta 272. Mtu mzima mfupi kuliko wote waliopimwa, Chandra Bahadur Dangi wa Nepal, alikuwa na sentimeta 54.6. Hata hao wawili waliopita kiasi wanatofautiana mara tano tu. Basi, katika jambo la urefu wa watu, neno "wastani" lina maana thabiti. Mwanafunzi wa 41 akiingia darasani, wastani hautabadilika sana.

Matetemeko ya ardhi hayako hivyo. Ukubwa wa tetemeko hupimwa kwa kipimo cha logi. Kila ukubwa unapoongezeka kwa 1, nishati inayotolewa huzidi takriban mara 32, na ukubwa unapoongezeka kwa 2, nishati huzidi mara 1,000. Kwa hiyo tetemeko la ukubwa wa 9 hutoa nishati inayozidi ile ya tetemeko la ukubwa wa 4 kwa zaidi ya mara milioni 30. Lau urefu wa watu ungetofautiana kiasi hicho, mtu mmoja angekuwa na kimo cha kawaida na mwenzake angevuka mawingu na kwenda mbali kuliko safari za vyombo vya angani vinavyoizunguka dunia.

Kanuni ya Gutenberg na Richter

Mwaka 1944 wataalamu wawili waliofanya kazi California, Beno Gutenberg na Charles Richter, walichapisha hesabu ya matetemeko ya jimbo hilo wakiyapanga kwa ukubwa. Waliona utaratibu ulio mwepesi kwa namna ya ajabu: kila ukubwa unaposhuka kwa 1, idadi ya matetemeko huongezeka karibu mara kumi. Utaratibu huo umeonekana tangu hapo katika sehemu nyingi za dunia. Kwa wastani wa miaka mingi, hesabu ya dunia nzima kwa mwaka mmoja ni kama ifuatavyo:

Ukubwa wa 8 na zaidi: tetemeko 1
Ukubwa wa 7 na zaidi: matetemeko 16
Ukubwa wa 6 na zaidi: matetemeko 150
Ukubwa wa 5 na zaidi: matetemeko 1,450 hivi

Mwanafunzi akitafuta logi ya kila idadi atapata 0, 1.2, 2.2 na 3.2. Akichora grafu yenye ukubwa kwenye mhimili wa mlalo na logi ya idadi kwenye mhimili wa wima, nukta zitajipanga karibu na mstari ulionyooka unaoteremka. Mteremko wa mstari huo ni karibu 1, yaani idadi hupungua mara kumi kwa kila hatua.

Tukiandika idadi kwa kutumia nishati badala ya ukubwa, sura ya kanuni hujitokeza wazi zaidi. Nishati hulingana na 10 iliyopewa kipeo cha 1.5 mara ukubwa. Kwa hiyo, idadi ya matetemeko yanayozidi nishati fulani hulingana na nishati hiyo iliyopewa kipeo cha hasi theluthi mbili. Hii ndiyo kanuni ya kipeo. Sifa yake kuu ni kwamba haina kipimo kinachopendelewa. Anayetazama matetemeko madogo tu huona uwiano ule ule anaouona mwenzake anayetazama makubwa tu. Hakuna mahali kwenye mstari ambapo mtu anaweza kuweka kidole na kusema, "Hapa yanakoma matetemeko ya kawaida, na hapa yanaanza yasiyo ya kawaida."

Kutokana na kanuni hii hufuata jambo linalopingana na imani ya watu wengi. Husemwa mara nyingi kwamba matetemeko madogo hupunguza mbano wa ardhi na hivyo huzuia kubwa lisije. Hesabu inakataa. Matetemeko ya kundi moja la ukubwa ni mara kumi ya yale ya kundi lililo juu yake, lakini kila moja ni dhaifu mara 32. Kwa hiyo kundi zima la chini hutoa theluthi moja tu hivi ya nishati inayotolewa na kundi la juu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba hakijai: matukio machache makubwa ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya nishati yote. Tetemeko la Chile la tarehe 22 Mei 1960, lenye ukubwa wa 9.5, ambalo ni kubwa kuliko yote yaliyopata kupimwa kwa mitambo, linakadiriwa kuchukua peke yake takriban robo ya mapimo yote ya matetemeko ya dunia katika karne moja. Katika hali kama hiyo wastani hauna utulivu. Tukio moja jipya laweza kuubadilisha wastani wote uliokusanywa kwa miaka mingi.

Mchezo wa kete darasani

Kwa nini maumbile yafuate kanuni ya namna hii? Jibu moja mashuhuri lilitolewa mwaka 1987 na wanafizikia watatu wa maabara ya Brookhaven, New York: Per Bak, Chao Tang na Kurt Wiesenfeld. Walipendekeza kielelezo cha rundo la mchanga kinachochezwa kwa kompyuta. Kielelezo hicho chaweza pia kuchezwa darasani kwa chaki na kete za bao, au kwa punje za mahindi.

Mwalimu achore mraba na kuugawa katika vyumba tisa, yaani safu tatu za vyumba vitatu vitatu. Kanuni ni mbili tu. Kwanza, kete moja moja huongezwa katika chumba chochote. Pili, chumba kikifikisha kete 4 au zaidi hufurika: hutoa kete 4 na kuigawia kila jirani mmoja kete moja, yaani wa juu, wa chini, wa kushoto na wa kulia. Chumba kilicho pembezoni kinakosa jirani upande mmoja au miwili, na kete za upande huo hutoka nje ya mraba. Mchezaji hangoji zamu nyingine mpaka kufurika kote kuwe kumekwisha.

Tuchukue mfano. Vyumba vyote tisa vina kete 3 kila kimoja. Mwanafunzi anaongeza kete moja katika chumba cha kati. Chumba hicho sasa kina 4, kwa hiyo kinafurika na kubaki kitupu. Vyumba vinne vilivyokizunguka vinakuwa na 4 kila kimoja, navyo vinafurika. Kete nne zinatoka nje, chumba cha kati kinajaa tena kuwa na 4, na kila chumba cha pembeni kabisa kinakuwa na 5. Chumba cha kati kinafurika mara ya pili, na vyumba vinne vya pembeni vinafurika pia, vikitoa nje kete nane. Hapo ndipo utulivu unaporudi. Mraba umebaki hivi:

1 3 1
3 0 3
1 3 1

Kete moja imesababisha kufurika mara 10 na kutoka kwa kete 12. Sasa mwanafunzi aongeze kete moja nyingine mahali pale pale, katika chumba cha kati. Hakuna kinachotokea, maana chumba kina kete 1 tu. Mwenzake aongeze kete moja katika chumba cha juu cha kati. Chumba hicho kinafurika mara 1, kete moja inatoka nje, na utulivu unarudi. Kitendo ni kile kile katika mara zote tatu: kete moja. Matokeo ni kufurika mara 10, mara 0 na mara 1. Aliyetaka kujua poromoko lingekuwa kubwa kiasi gani hakupaswa kuipima kete, bali kuukagua mraba wote.

Mambo mawili ya kielelezo hiki yastahili kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba mraba hufika wenyewe katika hali ya ukingoni. Ukianza ukiwa mtupu, kete huongezeka bila kutoka, na maporomoko huwa madogo. Ukianza ukiwa umejaa kupita kiasi, kete humwagika kwa wingi. Mwishowe, kwa njia zote mbili, mraba hukaa mahali ambapo kete zinazoingia hulingana kwa wastani na zinazotoka. Hakuna mtu anayerekebisha kitu kutoka nje ili hali hiyo ipatikane. Ndiyo maana husemwa kwamba inajipanga yenyewe. Maji hayako hivyo: ili yafike kwenye ukingo wa kuchemka, hapana budi mtu arekebishe moto.

La pili ni kwamba, katika mraba mkubwa wenye maelfu ya vyumba, ukubwa wa maporomoko hufuata kwa karibu kanuni ya kipeo, ukiachilia mbali maporomoko makubwa mno yanayobanwa na ukubwa wa mraba wenyewe. Madogo ni mengi, makubwa ni machache, na yote huzaliwa na kanuni zile zile mbili. Poromoko kubwa halihitaji kanuni yake peke yake.

Mchanga wa kweli na mchele wa Oslo

Kielelezo ni kielelezo, na maumbile ndiyo mwamuzi. Wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Chicago walipochunguza mchanga wa kweli, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1989, hawakuona kanuni ya kipeo. Mchanga ulitulia, ukajaa, kisha ukaporomoka kwa wingi, na maporomoko makubwa yalijirudia kwa vipindi vilivyokaribiana. Sababu ni kwamba punje ya mchanga ikishaanza kuteremka hupata mwendo, na mwendo huo huipitisha mahali ambapo ingepaswa kusimama.

Mwaka 1996 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, walitumia mchele badala ya mchanga. Waliumimina polepole kati ya vioo viwili vilivyosimamishwa karibu karibu. Punje ndefu za mchele, ambazo hushikana na kutoteremka kwa kasi, zilitoa maporomoko yaliyofuata kanuni ya kipeo. Punje zilizokuwa na umbo la duara zaidi hazikuifuata. Funzo lake ni kubwa. Hali ya ukingoni si sifa ya kila rundo. Hutokea pale ambapo nishati huingizwa polepole, msuguano ni mkubwa, na kila sehemu husubiri mpaka ifikie kikomo chake ndipo iachie. Miamba ya ardhi, inayosukumwa kwa sentimeta chache kwa mwaka na kushikwa na msuguano, inafanana zaidi na mchele mrefu kuliko mchanga.

Utabiri ulioshindwa

Kijiji cha Parkfield, California, kimejengwa juu ya ufa mashuhuri wa San Andreas. Matetemeko ya ukubwa wa karibu 6 yalitokea huko miaka ya 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966. Wastani wa vipindi hivyo ni miaka 22. Kwa msingi huo, wataalamu walitangaza mwaka 1985 kwamba tetemeko lijalo lingetokea karibu na mwaka 1988, na kwa hakika ya asilimia 95 kabla ya mwaka 1993 kumalizika. Mitambo mingi ilitegwa. Mwaka 1993 ulipita bila tetemeko hilo. Lilikuja tarehe 28 Septemba 2004, likiwa na ukubwa wa 6.0, miaka 38 baada ya lile la 1966, na mitambo haikuonyesha dalili bayana iliyolitangulia.

Kosa halikuwa la uzembe. Wastani wa vipindi vitano ni msingi mwembamba mno. Tena, ikiwa ardhi iko karibu na ukingo wakati wote, mtelezo mdogo haubebi alama inayoonyesha kama utakomea hapo au utaendelea. Kujua lini na kiasi gani kungehitaji kuijua hali ya kila chumba cha mraba ulio kilometa nyingi chini ya miguu yetu.

Pamba na masoko ya hisa

Kanuni za namna hii zimeonekana pia mahali ambapo hakuna mwamba wala punje. Mwaka 1963 mwanahisabati Benoit Mandelbrot alichapisha uchunguzi wa bei za pamba nchini Marekani. Wataalamu wa uchumi walizoea kudhani kwamba mabadiliko ya bei hutawanyika kama urefu wa watu. Mandelbrot alionyesha kwamba mabadiliko makubwa ni mengi kupita makadirio hayo, na kwamba mabadiliko ya siku na ya mwezi yana sura moja yakishalinganishwa kwa vipimo vyake.

Ushahidi ulio wazi ulikuja tarehe 19 Oktoba 1987, miezi michache tu baada ya makala ya Bak na wenzake. Siku hiyo kipimo cha Dow Jones cha soko la hisa la New York kilianguka kwa asilimia 22.6. Mabadiliko ya kawaida ya siku moja huwa karibu asilimia 1. Lau bei zingetawanyika kama urefu wa watu, anguko hilo lisingetazamiwa kutokea hata mara moja katika umri wote wa ulimwengu. Uchunguzi wa baadaye wa mamilioni ya bei za hisa umeonyesha kipeo kilicho karibu na 3, yaani badiliko lenye ukubwa maradufu huwa adimu mara nane. Ni adimu, lakini si muhali.

Hata hivyo mwanafunzi asikimbilie kusema kwamba soko ni rundo la mchele. Kete haijui kwamba jirani yake anafurika. Mnunuzi wa hisa anajua, anaogopa, na anaweza kukimbia kabla. Mstari ulionyooka kwenye grafu ya logi si uthibitisho wa hali ya ukingoni, kwa sababu njia nyingi tofauti zaweza kuzaa mstari huo huo. Tena, nukta chache zikichorwa kwa logi huonekana zimenyooka hata pale ambapo kanuni halisi ni nyingine. Hata kwa matetemeko, kanuni ya Gutenberg na Richter ni jambo lililopimwa, ilhali hali ya ukingoni ni maelezo ambayo bado yanajadiliwa.

Faida ya elimu hii kwa Afrika Mashariki

Bonde la Ufa ni sehemu ya mraba huu mkubwa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Bukoba na vijiji vya Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki, nyumba nyingi zilianguka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa. Kwa wakazi wengi wa Kagera lilikuwa tetemeko kubwa kuliko yote waliyoyakumbuka. Lakini kumbukumbu ya mtu mmoja ni kipimo kifupi. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipata tetemeko linalokadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4. Tofauti ya ukubwa ni 1.5, na tofauti ya nishati ni takriban mara 180. Tarehe 6 Januari 1928 Subukia, Kenya, ilipata tetemeko la ukubwa wa 6.9, na tarehe 5 Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilipata la ukubwa wa 6.8.

Kanuni ya kipeo haisemi lini tetemeko kama la Rukwa litarudi wala wapi. Inasema kwamba kulisahau ni kosa la hesabu. Mjenzi anayechukua tetemeko la kawaida kuwa kipimo chake amechukua kipimo kisichokuwapo. Mjenzi anayengoja kutangaziwa siku atangoja bila kikomo. Ukuta wa tofali uliofungwa kwa nondo na mkanda wa zege juu ya madirisha, paa lililoshikamanishwa vyema na kuta, na wanafunzi waliozoezwa kujikinga chini ya madawati imara, hayo yote hufaa siku yoyote ile. Hayahitaji utabiri.

Mazoezi

1. Chora grafu ya logi ya idadi na ukubwa wa matetemeko kwa kutumia hesabu zilizotolewa juu. Kadiria idadi ya matetemeko ya dunia yenye ukubwa wa 4 na zaidi kwa mwaka.

2. Nishati hulingana na 10 iliyopewa kipeo cha 1.5 mara ukubwa. Hakikisha kwamba tofauti ya nishati kati ya tetemeko la Rukwa na la Bukoba ni takriban mara 180.

3. Anza na mraba wa vyumba tisa vyenye kete 2 kila kimoja. Ongeza kete moja moja mara 50, ukichagua chumba kwa kura. Andika chumba kimefurika mara ngapi kila unapoongeza kete. Je, unaweza kutaja "poromoko la kawaida"?

4. Msimamizi wa jengo anasema, "Shule hii imesimama miaka 40 bila kupasuka; basi ni salama." Mjibuni kwa kutumia kanuni ya kipeo.